Barua za Wasomaji: Mbunge wa Vipindi Vinne na Katibu wa Ushirika wa Maziwa

SWALI: Mhariri wa safu hii, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nauza nafaka katika soko moja la magharibi mwa Kenya. Mbunge wetu yumo katika kipindi chake cha nne, na tangu nipate kitambulisho sijamwona mtu mwingine katika kiti hicho. Sasa amejitokeza mwanamke anayetaka kumpinga mwaka 2027. Ni katibu wa chama chetu cha ushirika cha maziwa. Hana gari, hana chama kikubwa nyuma yake, na akija mazishini hutoa shilingi 200 kama sisi wengine. Ninamwamini. Shida iko nyumbani. Mdogo wangu wa kiume anasoma sekondari kwa basari inayopitia ofisi ya mbunge, na baba ameniambia waziwazi: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Majirani nao husema mama yule ni mtu mzuri lakini hawezi kushinda, kwa hiyo kumpigia kura ni kuitupa kura. Je, mimi ni mkosefu wa shukrani? Na mtu asiye na fedha kama mimi atamsaidiaje mgombea asiye na fedha kama yeye?
Muuza nafaka

JIBU: Dada yangu, nianze na basari ya mdogo wako, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi, na kwa sababu barua nyingi za namna hii nilizokwisha kuzisoma zimenionyesha kwamba mbunge mkongwe hulindwa na fomu ya basari kuliko anavyolindwa na hotuba yoyote. Basari hizo hutoka katika mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ulioundwa kwa sheria mwaka 2003, na sheria ya mwaka 2015 ikautengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato unaobaki kwa serikali kuu. Fedha hizo ni kodi. Ulizilipa wewe uliponunua sukari na muda wa maongezi wa simu, na baba yako alizilipa kila alipopanda bodaboda iliyotiwa petroli. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume cha Katiba, na mabishano juu ya nani azisimamie fedha hizo yamekuwa marefu, lakini kodi haigeuki kuwa mali ya mbunge kwa sababu tu imepita mezani kwake. Mkunga anastahili heshima, mwambie baba hivyo kwa upole, ila mkunga aliyelipwa na kijiji kizima hawezi kumdai kila mzazi deni la maisha.

Hata hivyo sitakuambia kwamba hofu ya mzee ni ya bure. Anajua jambo ambalo halijaandikwa katika sheria yoyote, kwamba orodha ya basari hupita mikononi mwa watu, na watu hao wana kumbukumbu ndefu. Kwa hiyo usimtukane mbunge sokoni wala katika kundi la WhatsApp la kijiji. Huko hakupatikani kura hata moja, na maneno hufika ofisini kwake kabla hujafunga kibanda. Hakikisha fomu ya mdogo wako imewasilishwa mapema, ina muhuri wa shule na sahihi zote zinazotakiwa, na ubaki na nakala yake nyumbani. Mwanafunzi anayestahili akikatwa jina, nakala hiyo ndiyo itakayomtetea mbele ya kamati. Kura yenyewe ni ya siri, na siri hiyo ni haki yako chini ya Katiba, hata mbele ya baba.

Majirani wako wanasema hawezi kushinda. Watu wa Keiyo Kusini waliyasikia maneno hayo hayo kwa miaka 28. Nicholas Biwott aliingia bungeni mwaka 1979, akawa waziri mwenye nguvu kubwa katika serikali ya Rais Moi, na wengi waliona kiti kile ni chake mpaka atakapochoka mwenyewe. Desemba 2007 akabwagwa na Jackson Kiptanui wa ODM. Katika uchaguzi huo huo Moody Awori, aliyekuwa makamu wa rais, alikipoteza kiti cha Funyula kwa Paul Otuoma. Ng'ambo ya mpaka, huko Bunda Mjini mwaka 2015, Stephen Wasira, ambaye aliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1970 na wakati huo alikuwa Waziri wa Kilimo, Chakula na Ushirika wa Tanzania, alishindwa na Ester Bulaya, mwanamke aliyekuwa mbunge wa viti maalumu na ambaye alikuwa ameihama CCM na kujiunga na Chadema miezi michache tu kabla ya kura.

Lakini nisikudanganye kwa mifano mizuri. Washindi wote hao walikuwa na wimbi la chama nyuma yao: mwaka 2007 ODM ilikuwa imelizoa Bonde la Ufa, na mwaka 2015 upinzani wa Tanzania ulikuwa umeungana chini ya Ukawa. Katibu wenu hana wimbi. Kwake yeye, mfano ulio karibu zaidi ni John Paul Mwirigi wa Igembe Kusini, kaunti ya Meru, ambaye mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 23 na bado mwanafunzi wa chuo kikuu, aligombea bila chama chochote, akitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba na kusaidiwa na waendesha bodaboda, akapata kura 18,867 dhidi ya 15,411 za Rufus Miriti wa Jubilee, chama kilichotamba Meru wakati ule. Wanaoisimulia habari hii huacha jambo moja. Mithika Linturi, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo, hakuwa akikitetea kiti. Alikuwa amekwenda kutafuta useneta, akaupata. Mwirigi alikishinda chama kikubwa, lakini hakumshinda mbunge aliyeketi. Ninakueleza haya kwa kuwa ninawatakia ushindi kwa moyo wote, na anayeukwea mlima akidhani ni kilima hukatika pumzi katikati ya njia.

Wapo pia watakaokuambia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mithali hiyo ni ya kweli, ila husemwa haraka mno. Isikilize polepole: zimwi bado linakula.

Sasa nije kwenye kura inayotupwa. Kwetu anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mbunge, hata kama wengi hawakumtaka. Chukua mfano wa eneobunge ambalo watu 50,000 wamepiga kura. Mbunge anapata 18,000, na wapinzani wanne wanagawana zilizobaki: 12,000, 9,000, 7,000 na 4,000. Watu 32,000 wamemkataa, na asubuhi yake anatangazwa mshindi kwa nyimbo. Wabunge wakongwe wanaijua hesabu hiyo kuliko mwalimu yeyote wa hisabati, na ndiyo maana wakati mwingine mgombea wa tano hujitokeza dakika ya mwisho, bila mtu kujua mabango yake yamelipiwa na nani. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi ukuta mmoja, wafuasi wa katibu wenu wawatafute wafuasi wa wapinzani wengine, wakae chini ya mti mmoja, waulizane ni nani anayekubalika katika wadi nyingi zaidi, na wengine wapishe. Mazungumzo hayo ni machungu. Yafanyeni mwaka huu, kabla hela za watu hazijaingia katika kampeni, kwa maana mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe wake wa pili hapishi tena.

Na usiwafuate wafuasi sugu wa mbunge kwanza. Mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa nchini walikuwa milioni 22.1, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65. Katika kila watu 20 wenye kura, 7 walibaki nyumbani. Hao ndio watu wako, pamoja na vijana wenye vitambulisho ambao majina yao hayajaingia katika daftari. Wewe una nafasi ambayo mgombea mwenyewe hana. Unapompimia mteja gorogoro la mahindi, unalijaza, unalipiga pembeni mara mbili ili punje zishuke, unaongeza kiganja kimoja juu, na muda huo wote mteja amesimama mbele yako anakutazama mikono. Muulize hapo hapo kama amejiandikisha, na kama kituo chake ni hiki cha hapa au bado jina lake liko Nairobi alikokuwa akifanya kazi. Usimtaje mgombea yeyote. Mueleze iliko ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, kwamba kuhamisha kituo kunamtaka aende mwenyewe na kitambulisho, na kwamba uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini daftari hufungwa kabla ya siku hiyo. Wateja kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mmoja, ni mazungumzo zaidi ya 2,000. Hakuna mkutano wa hadhara wa katibu wenu utakaowafikia watu wengi hivyo kwa ukaribu huo.

Umeuliza mtu asiye na fedha atasaidiaje, na hapa ninaomba unisome kwa makini kuliko kwingine kote. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura katika maeneobunge 290, yaani wastani wa karibu vituo 160 kwa kila eneobunge. Ada ya kuidhinishwa na tume kugombea ubunge ilikuwa shilingi 20,000, na shilingi 10,000 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo katibu wenu ataipata. Kinachomwangusha mgombea maskini ni mawakala 160, yaani mtu wake mmoja katika kila kituo wa kushuhudia kura zikipigwa na kuhesabiwa. Ukimpa kila mmoja shilingi 1,000 tu za nauli na chakula, umefika shilingi 160,000, na mtu anayekosa fedha hizo huacha vituo wazi, na kituo kisicho na wakala wake ni chumba ambacho hajui kilichotokea ndani yake.

Nilikuwa wakala mwaka 2017, katika darasa la shule moja ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Kura za urais zilihesabiwa kwanza, kila karatasi ikiinuliwa juu na kuonyeshwa, kwa hiyo za ubunge zilifikiwa usiku sana. Wakala wa mbunge alikuwa na chupa ya chai na chapati sita katika kitambaa cha maua. Kijana aliyemwakilisha mgombea huru hakuwa ametia kitu kinywani tangu saa kumi na moja alfajiri. Ilipofika saa nne usiku aliaga kwamba anakwenda kutafuta chai barabarani, na hakurudi. Fomu 35A, ambayo ndiyo inayobeba matokeo ya ubunge ya kituo, ilijazwa bila sahihi yake, nakala yake haikuwa na mtu wa kuipokea, na ile iliyobandikwa mlangoni ilikuwa imechanika kabla ya jua kuchomoza. Mgombea wake alikuja asubuhi akiuliza amepata kura ngapi pale, na tukamtajia kwa midomo tu. Sijausahau uso wake.

Basi, dada yangu, wewe na wanawake wenzako wa sokoni mkiweza kuahidi kwamba katika shule tatu za karibu hakuna wakala wa katibu atakayeshinda njaa, kwamba chai itafika saa mbili asubuhi, chakula saa nane na chapati saa tatu usiku, na kwamba kila mmoja atafundishwa mapema asiondoke mpaka atie sahihi Fomu 35A, apewe nakala na aipige picha, mtakuwa mmempa kitu ambacho mikutano kumi haiwezi kumpa. Fomu hizo ndizo zinazojumlishwa katika Fomu 35B ya eneobunge zima, na mwenye nakala zote ndiye anayeweza kusimama mbele ya msimamizi, au hata mahakamani, akasema hapa pana kosa.

Jambo la mwisho kwako ni gumu kidogo. Umeandika kwamba unamwamini katibu. Mpime kwa kipimo kile kile unachompimia mbunge. Nenda kwa wakulima wa ushirika uwaulize kama fedha za maziwa zililipwa kwa wakati, kama hesabu husomwa katika mkutano mkuu wa mwaka, na kama kuna aliyewahi kunyimwa malipo kwa sababu alibishana na uongozi. Umaskini wa mgombea peke yake si ushahidi wa uaminifu. Ofisi ndogo aliyoishika ndiyo inayoonyesha atakavyoishika kubwa. Muulize pia ana kwa ana atafanya nini akiitwa usiku na kuahidiwa kazi ili ajiondoe. Nimewaona wafuasi waliouza kuku wao kwa ajili ya mtu, kisha wakamsikia redioni akimsifu aliyekuwa akimpinga jana. Afadhali maumivu ya swali hilo leo.

Na akinyimwa tiketi ya chama katika mchujo, ajue mapema kwamba Katiba inamtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 walioandikishwa katika eneobunge hilo. Achunguze sasa hivi kupitia eCitizen kama jina lake halikutiwa katika chama bila yeye kujua, kwa kuwa Wakenya wengi walijikuta katika hali hiyo kabla ya uchaguzi uliopita.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya umma, nimeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Ninataka kuvaa fulana ya kijana anayempinga mbunge wetu wa miaka mingi na kusema hadharani kwamba ninamuunga mkono. Mwalimu mwenzangu huandamana na mbunge kila Jumamosi na hajawahi kuulizwa. Kwa nini mimi nijizuie?
Mwalimu, Pwani

JIBU: Mwalimu, usiivae. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inamkataza mtumishi wa umma kuonyesha hadharani kwamba anaunga mkono au anapinga chama au mgombea, na mwalimu wa serikali ni mtumishi wa umma. Kwamba mwenzako hajaulizwa ni kweli na inauma, lakini ndivyo madaraka ya muda mrefu yanavyofanya kazi: kosa linalofumbiwa macho kwa rafiki wa mbunge litafunguliwa jalada kwa rafiki wa mpinzani wake, na ukihamishiwa mbali na kwenu miezi mitatu kabla ya kura, kijana wako atakuwa amepoteza mtu mwenye kusoma na kuandika vizuri katika wadi anayoihitaji. Kura yako unayo. Haki ya kuhudhuria vikao vya umma vya bajeti na kuuliza darasa lililoahidiwa limefikia wapi unayo pia, kama mzazi na kama mlipa kodi, na swali lililoulizwa kwa heshima, likiwa na tarehe na kiasi cha fedha, humtikisa mbunge kuliko fulana.

SWALI: Ninafanya kazi ya ulinzi Doha. Nyumbani kuna mpinzani ninayempenda, lakini mama yangu na shangazi zangu watampigia mbunge wa zamani kwa sababu aliwaletea leso na unga. Je, ninaweza kupiga kura nikiwa huku? Na kwa kuwa mimi ndiye ninayetuma fedha za nyumbani, je, ni vibaya nikiwaambia wampigie ninayemtaka?
Mlinzi, Qatar

JIBU: Ndugu yangu, Qatar ni miongoni mwa nchi ambazo Wakenya walipigia kura mwaka 2022, lakini kura ya nje ya nchi ni ya urais peke yake. Mbunge huwezi kumchagua ukiwa Doha. Unaweza kumchangia mgombea wako, na ukifanya hivyo tuma kwa akaunti ya kampeni inayojulikana, uombe risiti, na useme wazi kwamba ni za nauli na chakula cha mawakala. Usitume hata shilingi moja ya kugawiwa wapiga kura. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu anayetoa hongo na anayepokea kuwa wakosaji wote wawili, na huwezi kuulalamikia unga wa mbunge huku wewe ukileta wako.

Kuhusu mama, ndiyo, ni vibaya. Leso ile aliipokea kwa mikono yake, na ukimwambia kwamba fedha za dawa zitategemea kura yake utakuwa umemfanyia lile lile unalomlaumu mbunge, tena wewe ukiwa mwanawe. Mpigie simu siku yako ya mapumziko, asiwe na haraka wala wewe usiwe zamu. Muulize barabara ya kwenda zahanati iko katika hali gani msimu huu wa mvua, na alipokwenda mara ya mwisho kama alipata dawa au aliandikiwa akanunue. Muulize mbunge alionekana lini kabla ya leso. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama salio litakwisha.